UZI: Kigiriki cha bayolojia kimo shambani kwetu (mbegu, karafuu, nazi, mpapai, vanila)

#1 Maalim wa Ole (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Uzi huu nauandikia wazazi wenye watoto wa sekondari, vijana wenyewe, na kila mwenye mkarafuu au mnazi nyuma ya nyumba. Kila mwaka nawaona watoto wetu wakihangaika na gameti, zigoti, endosperma, angiosperma, kotiledoni. Wanayakariri usiku kucha, asubuhi wanayamwaga kwenye karatasi ya mtihani, wiki ikipita hawana hata moja kichwani. Inaniuma kwa sababu maneno haya hayahitaji kukaririwa. Mengi yake ni Kigiriki, na Kigiriki chenyewe ni cha mambo ya shamba na nyumba: kusia, ndoa, nira, kikombe, chombo, tunda. Mtoto wa Pemba vyote hivyo anavijua kabla hajavaa sare ya skuli. Kinachokosekana ni mtu wa kumwonesha njia tu.

Tushike mzizi mmoja. Kwa Kigiriki *speirein* ni kusia, kutawanya mbegu ardhini. Kinachosiwa ni *sperma*, yaani mbegu, na neno lilikuwa hilo hilo kwa mbegu ya shayiri na kwa mbegu ya mwanamme. Katika kitenzi hicho hicho ndimo ilimotoka spora, ule unga wa uyoga na wa majani ya kangaga. Na humo humo ndimo ilimotoka *diaspora*, neno tunalolitumia kila siku tukiwataja ndugu zetu walioko Uingereza, Oman na Kanada: watu waliosiwa huku na huko.

Ukishalijua hilo, angiosperma na gimnosperma zinajifungua zenyewe. *Angeion* ni chombo, kwa hiyo angiosperma ni mimea yenye mbegu ndani ya chombo, na chombo chenyewe ni tunda. Mwembe, mpapai, mnazi, mkarafuu, wote wamo. *Gymnos* ni uchi. Mbegu ya gimnosperma haina tunda la kuifunika. Kwa huku pwani mfano mzuri ni mtapo, ule mti unaofanana na mnazi mfupi. Uangalie ulio jike, utaona mbegu zimepangika pembeni mwa vijani maalumu, ziko nje kabisa, hakuna kilichozifunika. (Wazee waliokula unga wake wakati wa njaa walijua kuwa mbegu hizo ni sumu zisiposhughulikiwa vizuri. Asijaribu mtu.)

Gameti, yaani seli ya uzazi ya kiume au ya kike, ni neno la arusini. *Gamos* ni ndoa, *gametes* ni mume, *gamete* ni mke. Gameti mbili zikiungana tunapata zigoti, na zigoti limetoka kwenye *zygon*, nira, ule mti unaowafunga ng'ombe wawili pamoja wavute jembe. Basi zigoti ni viwili vilivyofungwa nira moja.

Sasa Wapemba nisikilizeni hapa. Jina la kitaalamu la mkarafuu wetu ni *Syzygium aromaticum*. Hilo *Syzygium* ni *syn*, pamoja, ikaongezwa *zygon*, ile ile nira ya zigoti. Sababu yake utaiona ukivuta tawi la mkarafuu na kulitazama karibu: majani yanatoka mawili mawili, hili linaelekeana na lile, kila kifundo jozi yake. Mtoto anayeuchuma mkarafuu tangu ana miaka saba ana mfano wa neno zigoti mkononi, naye hajaambiwa.

Na karafuu yenyewe ni somo zima la uzazi wa maua. Chukua kavu, iroweke kwenye maji ya moto mpaka ilainike, kisha ipasue kwa wembe kutoka kichwani mpaka chini. Yale meno manne ni sepali. Kile kichwa cha mviringo ni petali ambazo hazijafunguka, na *petalon* kwa Kigiriki ni jani bapa. Ndani ya kichwa utakuta nyuzi nyingi zimejikunja, hizo ni stameni, sehemu za kiume za ua, na ncha zake zinaitwa antera, kutoka *anthos*, ua. Shuka chini kidogo, pale shingoni mwa kijiti, pana chumba kidogo chenye punje ndogo mno. Hiyo ndiyo ovari na mbegu changa ambazo hazijawahi kutungishwa.

Maana yake ni kwamba tunachokianika kwenye majamvi ni ua lililochumwa kabla halijafunguka. Karafuu ikifunguka bei inaanguka. Ukitaka miche lazima uache vishada vingine viendelee, vifunguke, vitungishwe, viwe matunda ya rangi ya zambarau iliyokoza, na kila tunda kwa kawaida lina mbegu moja. Mbegu hiyo haitaki kukaushwa hata kidogo. Ukiianika kama karafuu ya kuuza umeiua. Isie mara tu baada ya kuimenya.

Karibuni tuchangie. Mwenye mmea na mwenye neno alete.

#2 Umm Salma, Konde

Waalaykum salaam maalim. Uzi mzuri sana huu, nimeusoma na mwanangu wa kidato cha tatu pembeni. Yeye anauliza: nazi ni tunda au ni mbegu? Na maji ya dafu ni nini katika hivyo? Kitabu chake kinasema endosperma, lakini picha waliyoweka ni ya punje ya mahindi.

#3 Maalim wa Ole

Mwambie ameuliza swali zuri kuliko mengi ninayoyasikia.

Nazi nzima pamoja na makumbi yake ni tunda. *Karpos* kwa Kigiriki ni tunda, na *peri* ni kuzunguka, kwa hiyo ukuta wote unaoizunguka mbegu unaitwa perikarpi. Ukuta huo una tabaka tatu: ganda laini la nje ni eksokarpi, makumbi tunayoyafukia pwani ili tupate usumba wa kusokotea kamba ni mesokarpi, yaani ya katikati, na kifuu ni endokarpi, ya ndani. Kilichomo ndani ya kifuu ndiyo mbegu.

*Endon* ni ndani. Endosperma ni kilichomo ndani ya mbegu, chakula alichowekewa mtoto wa mmea. Mwaka 1898 mtaalamu Sergei Nawaschin, akichunguza maua ya jamii ya yungiyungi, aligundua jambo ambalo watu hawakulitarajia: kila chembe ya chavua huleta gameti mbili za kiume. Moja inaungana na yai, ikawa zigoti, kisha kiinitete. Ya pili inakwenda kuungana na viini viwili vilivyomo humo humo, na muungano huo wa vitatu ndio unaokuwa endosperma. Mimea inayotoa maua hutungishwa mara mbili kwa wakati mmoja, mara kwa ajili ya mtoto na mara kwa ajili ya chakula chake.

Katika mahindi endosperma ni ule unga. Katika nazi inaanza ikiwa maji. Kidaka kikikua mpaka kitale, ndani mna maji yenye viini vingi vinavyoelea bila ya kuta baina yao. Baadaye seli zinaanza kujipanga ukutani mwa kifuu, tunapata ule utando laini wa dafu unaokombwa kwa kijiko, kisha unakuwa mgumu koroma, mwisho nazi ya kukunwa. Kwa hiyo maji ya dafu na tui la mchuzi vyote ni endosperma, umri tu ndio tofauti. Mwaka 1941 watafiti wa Marekani walitumia maji ya nazi kukuzia viinitete vichanga vya mmea wa Datura kwenye chupa, na tokea hapo maji ya nazi yakawa kitu cha kawaida katika maabara za kukuzia mimea.

Sasa mpe nazi iliyoanza kuota aipasue mwenyewe. Aanze na macho matatu: mawili magumu, moja laini, na kiinitete kimelala chini ya lile laini. Embrio, kama vitabu vingine vinavyoandika, ni *en*, ndani, na *bryein*, kuvimba na kuchipua. Kisha aangalie joya, lile sifongo tamu ambalo watoto hugombania. Joya ni sehemu ya kotiledoni, yaani jani la kwanza la kiinitete. *Kotyle* kwa Kigiriki ni kikombe. Kotiledoni ya nazi haitoki nje kama ya kunde, inabaki ndani ya kifuu, inatanuka, na inanyonya ile nyama nyeupe kumlisha mche mpaka miezi mingi ipite.

#4 Mkulima Kizimbani

Ahsante maalim. Mimi nitasema ya mpapai, kwa sababu hapa watu wanapoteza pesa kila msimu.

Wagiriki nyumba waliiita *oikos*. Mmea wenye maua ya kiume na ya kike kwenye mti mmoja unaitwa wa monoesia, yaani nyumba moja. Mnazi ni huo: fungua karara ukaone, maua madogo ya kiume yamejaa kwenye vijiti, na yale ya duara makubwa karibu na shina la kijiti ni ya kike, ndiyo yanayokuwa vidaka. Mahindi vile vile, mbelewele juu, gunzi chini. Mmea wa dioesia ni wa nyumba mbili, mume kwake na mke kwake. Mkungumanga ni wa nyumba mbili. Ndiyo maana mtu anapanda mikungumanga kwa mbegu, anaitunza miaka zaidi ya mitano, ikitoa maua ndipo anapojua nusu ni midume isiyozaa kungu wala basbasi. Shamba linahitaji midume michache tu, mmoja kwa majike kama kumi unatosha. Dawa ni kupandikiza kikonyo cha mti jike uliokwishajulikana.

Mpapai una aina tatu: dume, jike, na huntha ambaye vitabu vinamwita hermafroditi. Jina hilo ni la mtoto wa Hermes na Aphrodite katika visasili vya Wagiriki. Jike anatoa papai la mviringo. Huntha anatoa papai refu, ndilo linalopendwa sokoni Darajani kwa sababu linapangika vizuri kwenye tenga na nyama yake ni nene.

Wengi wanachukua mbegu kwenye papai lolote. Sikilizeni hesabu ya maumbile. Mbegu za papai jike lililopata chavua ya mpapai dume zinatoa nusu majike na nusu madume, kwa hiyo nusu ya shamba imekwenda. Mbegu za papai la huntha lililojichavusha lenyewe hazitoi dume hata mmoja, zinatoa theluthi mbili huntha na theluthi moja jike. Chagua mbegu zako kwenye papai refu, lililotoka kwenye shamba lisilo na dume karibu. Panda miche mitatu shimo moja, ikitoa maua bakisha huntha mmoja, mingine ng'oa. Mambo ya kupiga msumari shinani ili dume awe jike yaacheni. Dume hubadilika mwenyewe wakati mwingine akazaa vipapai vinavyoning'inia, hali ya hewa ikigeuka, msumari hauna kazi hapo.

#5 Abuu Twalha

Maalim, kwa heshima zote nina pingamizi. Kiswahili tunacho. Tuna mbegu, chavua, kiinitete, utungisho. Kwa nini tumtoe mtoto kwenye Kiingereza asichokielewa tumpeleke kwenye Kigiriki ambacho hata Wagiriki wa leo hawakizungumzi vile? Naona tunazidi kumbebesha. BAKIZA (Baraza la Kiswahili la Zanzibar) wapo, vyuo vipo, tutengeneze istilahi zetu tumalize. Kungumanga haikusubiri Mgiriki kuitwa kungumanga.

#6 Bi Mwalimu wa Mkoani

Kaka Abuu Twalha, mimi nasomesha bayolojia, na nakuunga mkono nusu.

Kiinitete ni neno zuri, kila siku nalitumia darasani. Lakini mtihani wa mtoto hauji na kiinitete. Na neno gameti analikuta hilo hilo kwenye kitabu cha Japani na cha Brazili, kwa hiyo akija kuwa daktari au bwana shamba litamfaa. Mimi nataka awe na yote mawili, na Kigiriki akipate kwa maana yake, asikibebe kama jiwe.

Kuna jambo jengine ambalo nyie wanaume hamligusi. Somo la uzazi kwetu ni somo la haya. Nikiandika ubaoni neno sperma, wavulana wanacheka na wasichana wanainama, na aliyeinama hasikii tena mpaka kengele. Nilipoanza kulisomesha kwa kuingia na nazi na mbegu ya karafuu, nikawaambia kwanza kuwa neno hili ni la mtu anayesia shambani, hali ilibadilika. Wasichana ndio waliokuwa wa kwanza kujibu, maana kuatika miche na kuchuma karafuu ni kazi yao pia. Tukishatoka hapo tunakwenda kwa binaadamu, nao wameshazoea kuwa ni jambo la maumbile. Nawaeleza kuwa Leeuwenhoek wa Uholanzi aliziona mbegu za kiume kwa hadubini yake mwaka 1677, na kuwa mwaka 1827 Karl Ernst von Baer aliziita spermatozoa, yaani wanyama wa mbegu, kwa sababu *zoon* ni mnyama na wengi wa zama hizo walidhani ni vijidudu. Mwaka huo huo von Baer alieleza yai la mamalia baada ya kuliona kwa mbwa. Hapo msichana anaelewa kuwa wataalamu wenyewe walichukua karne moja na nusu kutoka mbegu ya baba mpaka yai la mama.

Msinyamaze kwa haya. Mtoto asiyefundishwa na sisi atafundishwa na simu.

#7 Abuu Twalha

Bi Mwalimu, umesema maneno ya kweli, hasa hilo la haya. Katika istilahi sijabadili msimamo: mtihani ndio unaopaswa kubadilika. Lakini mpaka ubadilike, mfanye hivyo mnavyofanya.

#8 Vanila Pemba

Maalim, vanila mbona hamjaigusa? Sisi tunaipanda, tunaichavusha kwa mkono ua moja moja, na wageni wa mashamba ya viungo wanatuuliza kwa nini. Nataka nijibu kitaalamu.

#9 Maalim wa Ole

Vanila ni jamii ya orkidi. Kwa kuwa Bi Mwalimu ameshatuondolea haya, nitasema waziwazi: *orchis* kwa Kigiriki ni korodani. Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle aliyeandika sana juu ya mimea, analitaja jina hilo, na lilitolewa kwa sababu orkidi za kwao zina viazi viwili vya mviringo vilivyokaa pamoja chini ya ardhi. Madaktari nao wanaita uvimbe wa korodani orkitisi, mzizi ni ule ule. Vanila yetu haina viazi hivyo, imerithi jina la ukoo tu.

Ua la vanila lina sehemu za kiume na za kike kwenye nguzo moja, ila baina yao pana kikuta chembamba kama ulimi. Chavua iko juu ya ulimi, stigma iko chini. (Stigma, sehemu ya kike inayopokea chavua, ni Kigiriki pia, ni alama ya kuchomwa au kudungwa.) Asili ya mmea huu ni Meksiko na Amerika ya Kati, na wadudu wanaoutumikia kule huku hawapo. Ua lenyewe linafunguka asubuhi na siku hiyo hiyo linasinyaa. Aliyetuonesha njia ni Edmond Albius, kijana mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion, mwaka 1841. Alikinyanyua kile kikuta kwa kijiti na kuibana chavua kwenye stigma kwa kidole gumba. Mbinu unayoitumia Pemba leo asubuhi ni yake. Waambie wageni wako jina lake, wengi hawalijui, na biashara yote ya vanila ya bahari yetu ya Hindi imesimama juu ya mkono wa mtoto yule.

Na kuna la mbegu. Zile nukta nyeusi ndani ya ganda la vanila ndizo mbegu, na kama za orkidi nyengine hazina endosperma. Mtoto ametoka bila ya chakula. Porini haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu wa kuzilisha, na ushirika huo wa kuvu na mizizi unaitwa mikoriza: *mykes* uyoga, *rhiza* mzizi. Ndiyo maana wewe unapanda vipande vya mmea, hupandi mbegu.

#10 Mtoto wa Makunduchi

Shikamoo maalim, shikamoo Bi Mwalimu. Mimi niko kidato cha nne. Ndizi hazina mbegu lakini ni tunda. Je, zimetungishwa? Na shelisheli?

#11 Bi Mwalimu wa Mkoani

Marahaba mwanangu. Ndizi tunazokula hazikutungishwa. Ovari inanenepa yenyewe ikawa tunda. Neno lake ni parthenokarpi: *parthenos* ni bikira, *karpos* umeshaambiwa ni tunda. Likija kwenye mtihani huna la kukariri. Zile nukta ndogo nyeusi katikati ya ndizi ni mabaki ya mbegu ambazo hazikukua. Ndizi mwitu za Asia zina mbegu ngumu kama changarawe.

Shelisheli isiyo na mbegu ni parthenokarpi pia. Jina la jenasi yake ni *Artocarpus*, na *artos* ni mkate: tunda la mkate. Fenesi ni ndugu yake katika jenasi hiyo hiyo, lakini lenyewe limejaa mbegu, ndizo zile tunazozichemsha. Kwa hiyo fenesi unalipanda kwa mbegu, na shelisheli unachukua chipukizi linalotoka mizizini. Kama nyumbani mna mshelisheli, fukua taratibu pembeni mwa shina utazame chipukizi limetokea wapi, kisha chora. Mchoro wa namna hiyo kwenye karatasi ya mtihani ni alama za bure.

#12 Mtoto wa Makunduchi

Upo mmoja kwa bibi. Kesho naanza nao. Na mtapo jike nitautambuaje na dume?

#13 Mkulima Kizimbani

Dume anatoa koni moja ndefu katikati ya majani, imesimama. Jike hana koni ya namna hiyo, anatoa vile vijani vya manyoya rangi ya kahawia vimezunguka kileleni, na mbegu ziko pembeni mwake. Mtapo nao ni wa nyumba mbili, kwa hiyo kama hapo kijijini uko mmoja tu na mbegu zake hazioti, umeshajua sababu. Ukiupata piga picha uilete humu.

#14 Mtoto wa Makunduchi

Nitaileta inshaallah.